Jumapili kisiwani Idjwi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaotoka Bukavu na Goma

Ukurasa huu ni wa familia, korali, vijana wa parokia na wageni wanaotaka kusali Jumapili Idjwi, kisha kukiona kisiwa chenyewe. Ushauri wetu mkubwa ni mmoja: panga boti kufuata ibada, usipange ibada kufuata boti. Karibu kila safari iliyoharibika iliharibikia hapo.

Idjwi iko wapi hasa?

Ni kisiwa kikubwa katikati ya Ziwa Kivu, chote upande wa Kongo, katika jimbo la Kivu Kusini, ingawa ng'ambo ya maji ya mashariki ni Rwanda. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, kinachokizidi kwa ukubwa ni Ukerewe peke yake. Kimegawanyika shefri mbili, yaani maeneo ya machifu: Rubenga kaskazini, ambako ndiko Bugarula, makao makuu ya teritori, na Ntambuka kusini, ambako kuna Monvu na hospitali yake. Wenyeji walio wengi ni Wahavu. Kihavu ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili kinasikika sokoni, bandarini na kanisani.

Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo, hata kama ikweta haiko mbali na migomba imejaa kila upande, usiku kuna baridi. Chukua sweta.

Tunaweza kwenda na kurudi Jumapili hiyohiyo?

Tunawasihi msifanye hivyo. Hesabu ni hii. Ibada ya kijijini ikianza saa tatu asubuhi, mara nyingi inamalizika saa sita au saa saba mchana, na mnada wa matoleo unaweza kuongeza saa nzima. Baada ya hapo wenyeji watataka mle kabla hamjaondoka, na kukataa ni kuwavunjia heshima. Sasa ni saa tisa. Saa hizo ndizo upepo wa kusini unapokuwa umeamka ziwani na mawimbi yamepanda. Giza linaingia saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, bila kuchelewa. Ongeza kwamba vyombo vya abiria Jumapili ni vichache kuliko siku za kazi.

Matokeo yake tunayajua: watu wanatoka kanisani katikati ya mahubiri, wanakimbilia kivukoni, wanakuta chombo kimoja tu kilichojaa kupita kiasi, na kwa sababu kesho ni kazi wanakubali kupanda. Hapo ndipo maisha yanapowekwa rehani.

Panga hivi: vuka Jumamosi asubuhi, lala, sali Jumapili, tembea alasiri, lala tena, rudi Jumatatu alfajiri maji yakiwa yametulia. Asiyeweza kabisa kulala mara mbili akodi chombo chake na wenzake, asali ibada ya kwanza katika kanisa lililo karibu na kivuko, aondoke kabla ya saa sita, na matembezi ayaache kwa siku nyingine.

Tupande chombo gani?

Kuna aina tatu. Kano ya haraka ya abiria ina viti, paa na injini yenye nguvu. Ni ghali zaidi lakini ndiyo inayofaa watoto na wazee. Boti ya mbao yenye injini ya nyuma hubeba watu pamoja na magunia, mbuzi na kreti za bia. Ni nafuu, inakwenda polepole, na ndiyo wenyeji wengi wanayoitumia. Mtumbwi wa kupiga kasia ni wa kuzunguka kandokando ya kisiwa tu, hauvuki ziwa na mgeni ndani yake.

Wa Bukavu hufikia kwa urahisi zaidi upande wa kusini, Ntambuka; wa Goma hufikia kaskazini, Rubenga. Uliza jina la kivuko kabla ya kulipa. Idjwi ina urefu wa kilomita 40 hivi, na aliyeshukia upande usio wake atatumia nusu ya siku juu ya pikipiki, kwenye barabara za udongo.

Kuna jambo linalowakosesha wengi chombo: saa. Bandarini wengine huhesabu kwa Kiswahili, wengine kwa Kifaransa. Ukiambiwa "tunaondoka saa saba", uliza palepale: saa saba ya mchana, au *sept heures* ya asubuhi? Tofauti ni saa sita nzima.

Nitajuaje kama chombo ni salama?

Kabla ya kutoa pesa, simama gatini dakika tano uangalie.

Angalia ukingo. Chombo kikishapakiwa, kati ya maji na ukingo pawe na nafasi ya kutosha. Kama mkono ulionyooshwa kutoka ukingoni unagusa maji bila wewe kuinama, kimezidiwa. Angalia mzigo umewekwa wapi: magunia ya saruji na maharage yakae chini katikati, si juu ya paa. Mzigo wa juu ndio unaopindua chombo, hasa abiria wakikimbilia upande mmoja kushika simu au kuaga ndugu. Angalia sakafu: maji kidogo ni kawaida kwenye boti ya mbao, lakini kama kuna mtu anayeteka maji kwa bidoni iliyokatwa kabla hata hamjaondoka, tafuta kingine. Muulize kapiteni kama ana injini ya akiba na mafuta ya akiba. Injini ikizimika katikati ya ziwa bila ya pili, upepo ndio unaoamua mtaishia wapi.

Halafu jile, yaani koti la kujiokolea majini. Usikubali jibu la "zipo chini". Ivae kabla chombo hakijaondoka, funga vifungo vyote, kisha mwambie mwenzako aivute juu kwa mabega: ikikupanda hadi masikioni, ni kubwa kwako au mikanda imelegea. Ya mtoto lazima iwe na mkanda unaopita kati ya miguu, bila huo atateleza na kutoka chini. Jile iliyopasuka na kutoa sponji, au iliyolainika kama godoro la zamani, haielei tena. Familia inayosafiri mara kwa mara ni bora inunue zake.

Hatusemi haya kutisha watu. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kikiwa kimejaza watu kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, nchi kavu ikionekana, na makumi ya watu wakafa. Umbali mfupi haukuwasaidia.

Ziwa huchafuka lini?

Alfajiri hadi saa nne asubuhi kwa kawaida ndiyo saa nzuri. Mchana upepo unaongezeka. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mvua hakuna lakini upepo wa kusini unavuma kwa nguvu, na ukungu mkavu unaficha milima. Masika, yaani sehemu kubwa ya Septemba hadi Mei, hatari ni mvua ya radi: inakuja ghafla, na eneo hili lina radi nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Ukiona wingu jeusi limeshuka hadi majini, kapiteni mwenye akili anasubiri. Msubiri pamoja naye, usimsukume.

Hali ya usalama ikoje?

Goma iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Tangu hapo ratiba, vizuizi na malipo ya bandarini vinaweza kubadilika bila tangazo. Piga simu kwa mwenyeji wako kisiwani siku mbili kabla, kisha tena asubuhi ya safari. Mwenyeji wa kanisa anayelijua eneo anatoa habari bora kuliko zile za mitandao. Akisema msije, msiende.

Karatasi gani zinahitajika?

Raia: kadi ya mpiga kura. Mgeni wa nchi nyingine: pasipoti yenye viza, na nakala mbili za ukurasa wa picha na wa viza, utaandikishwa na DGM, ofisi ya uhamiaji. Kundi linalozidi watu watano liwe na orodha ya majina iliyoandikwa, yenye muhuri wa kanisa au shirika lao, na barua ya kanisa linalowaalika. Barua hiyo inafungua milango mingi: kwa chefu (mkuu) wa kijiji, kwa polisi, kwa mchungaji. Ukishuka, jambo la kwanza ni kumsalimia chefu na kumweleza mtalala wapi. Malipo yoyote ya ofisi yadai jeto au risiti.

Pesa tubebe namna gani?

Franka za Kongo, tena noti ndogo. Dola zinapokelewa lakini kijijini hakuna chenji, na noti iliyopasuka hata kidogo, iliyoandikwa au ya zamani inakataliwa. Noti ya dola 1 wengi hawaitaki. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money vinasaidia pale wakala anapokuwa na salio. Jumapili asubuhi wakala naye yuko kanisani. Vunja pesa zako Ijumaa, mjini.

Ibada huanza saa ngapi?

Inategemea kanisa, na tangazo la Jumapili iliyopita linashinda ratiba yoyote. Kwenye parokia ya Kikatoliki mara nyingi kuna misa ya kwanza mapema asubuhi na ya pili kati ya saa tatu na saa nne. Kwenye vigango, padri hafiki kila Jumapili. Asipofika, katekista anaongoza ibada ya neno. Kama kwenu misa yenye komunyo ni lazima, uliza mapema padri atakuwa wapi wiki hiyo. Ni kosa la kawaida kupanda mlima mzima hadi kigangoni kumbe padri yuko ng'ambo ya pili.

Kwa upande wa Kiprotestanti mtakuta jumuiya za ECC, muungano wa makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo, kama zile za Kipentekoste CEPAC na CELPA, na ibada moja ndefu inayotanguliwa na mafundisho au maombi. Waadventista wanasali Jumamosi: wao wavuke Ijumaa, kwa sababu Jumamosi ndiyo Sabato yao.

Mimi ni mgeni kwenye misa ya Kongo. Nitachanganyikiwa?

Kidogo, kama umezoea utaratibu wa nchi nyingine. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, na parokia zinazoifuata zinapanga mambo kwa namna yake. Mwanzoni wanaitwa watakatifu pamoja na mababu waliotangulia wenye moyo mnyofu. Injili inapokelewa kwa shangwe, kisha watu *wanakaa* kuisikiliza. Usishangae ukijikuta umesimama peke yako. Tendo la kutubu linakuja baada ya mahubiri na Nasadiki, si mwanzoni, na kutakiana amani kunafuata hapohapo, kabla ya matoleo. Maana yake ni nzuri: kwanza usikie neno, ndipo ujue unatubu nini, upatane na jirani, kisha upeleke zawadi altareni. Wakati wa Utukufu huenda padri na watumishi wakazunguka altare wakicheza. Nawe sogea taratibu kwa mdundo hapo ulipo.

Salamu ni "Tumsifu Yesu Kristu", na jibu ni "Milele na milele, amina".

Na kwa Waprotestanti?

Fika dakika ishirini kabla. Mlangoni utapokelewa na watu wa protokole, na mahali watakapokukalisha ndipo pako, hata kama ni mbele kabisa. Katika makusanyiko mengi ya zamani wanaume wanakaa upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mke na mume wasilazimishe kukaa pamoja.

Utaitwa kujijulisha. Usitoe hotuba. Simama, sema "Bwana asifiwe", ngoja "Amina", kisha taja jina, mji, kanisa lako na mchungaji wako, halafu: "Wanawasalimu sana." Hizo salamu za kanisa zinasubiriwa kwa hamu, na aliyezisahau anaonekana kama mtu aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Nusu dakika inatosha.

Meza ya Bwana kwa kawaida ni ya waliobatizwa. Kama una shaka, muulize mzee wa kanisa kabla ya ibada.

Sadaka inatolewaje, na huo mnada ni nini?

Tayarisha noti kwa mafungu, kwa maana vikapu vinapita zaidi ya mara moja: sadaka ya kawaida, zaka kwa washirika, ujenzi, pengine shukrani ya familia fulani. Mgeni halazimiki kujaza vyote. Watu wanatoka safu kwa safu, wakicheza kuelekea mbele, na safu yako ikiitwa utoke nayo hata kama huna cha kuweka.

Wengi kisiwani wanatoa mazao, si pesa. Mama anaweka beseni lenye mananasi matatu. Mwingine anaweka kikapu cha maharage. Kijana anafika na kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na kuku anapiga mabawa korali ikiwa bado inaimba. Ibada ikiisha, vitu hivyo vinapigwa mnada palepale nje, na pesa zinakwenda kanisani. Anayeongoza mnada anainua nanasi, anataja bei ya chini, watu wanapanda kwa franka 500 au 1,000.

Mambo matatu ya kujua. Ukishinda, lipa papo hapo, taslimu. Usipandishe bei kwa haraka mno kwa sababu una dola mfukoni: mama mwenye watoto watano naye alitaka lile beseni, na mnada ni furaha ya wote. Na desturi inayopendwa ni kununua kisha kurudisha kitu kiuzwe tena, au kumpa mjane au mchungaji. Fanya hivyo mara moja, utaona uso wa kusanyiko zima unabadilika. Sisi tunaiona ndiyo sadaka bora ambayo mgeni anaweza kuitoa, kwa sababu haitangazwi na haimwaibishi mtu.

Mavazi?

Kikwembe (kitenge) au sketi ndefu kwa akina mama, na kitambaa cha kichwani kwenye begi hata kama kwenu hamfuniki: makanisa mengine ya Kipentekoste yanataka kichwa kifunikwe na hayataki suruali kwa wanawake. Akina baba suruali ndefu na shati. Viatu viwili: vya kutembelea kwenye matope na vya kanisani, vya pili ndani ya mfuko.

Korali yetu inataka kuimba. Tufanyeje?

Mchungaji au padri apate barua angalau wiki mbili kabla, yenye idadi ya waimbaji na nyimbo. Mtapewa nyimbo mbili, pengine tatu, msiombe zaidi. Umeme wa mtandao usiutegemee. Kama mnabeba sinte (kinanda cha umeme) na bafle (spika), mbebe pia gurupu dogo (jenereta), lita 5 za mafuta na waya wa mita 20 ili gurupu likae mbali na madirisha. Ngoma na vifaa vyote vifungwe kwa bashi (turubai) tangu gatini. Maji ya mawimbi yanafika hadi katikati ya chombo. Lakini ukweli ni kwamba korali za kisiwani zinaimba kwa sauti nne bila chombo chochote zaidi ya ngoma na kayamba, na korali ya mjini inayofuata mfano huo inasikika vizuri zaidi.

Baada ya ibada tutembee wapi?

Kwa alasiri moja, chagua kimoja: mgongo wa mlima au pwani. Vyote viwili havitoshi.

Mgongo wa mlima ndio tunaoupenda. Vilele vya Idjwi vinapita mita 2,000, maana yake mtapanda zaidi ya mita 500 kutoka majini. Njia zinapita kati ya migomba, maharage, mihogo, mananasi na kahawa, na kijana wa kijiji akiwaongoza hamtapotea kwenye njia panda za mashamba. Mpatane malipo yake kabla ya kuondoka. Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji. Hewa ikiwa safi, magharibi mtaona milima ya Kahuzi-Biega juu ya Kalehe, mashariki vilima vya Rwanda, na kutoka sehemu za kaskazini mtaiona volkano ya Nyiragongo. Anzeni kushuka saa kumi kamili. Udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya kuliko mnavyodhani, na kushuka gizani ndiko kunakovunja vifundo vya miguu.

Ukipita mashambani kati ya Machi na Juni utakuta mavuno ya kahawa ya arabika. Uliza uoneshwe kazi: matunda mekundu yanachumwa kwa mkono, yanamenywa siku hiyohiyo, punje zinachachushwa na kuoshwa, kisha zinaanikwa juu ya vitanda vya wavu kwa siku nyingi, zikigeuzwa mara kwa mara. Kahawa iliyoachwa kwenye gunia usiku mmoja bila kumenywa inaharibika ladha, na mkulima anapoteza bei. Usiingie kati ya vitanda wala kushika punje bila kuambiwa.

Wanaopenda historia wawaulize wazee. Kisiwa kilikuwa na wafalme wake kabla ya ukoloni. Septemba 1914, vita vya dunia vilipoanza, Wajerumani waliokuwa Rwanda walikiteka kutoka kwa Wabelgiji, na hakikurudi mikononi mwa Wabelgiji hadi 1916. Mzee asalimiwe kwanza: "Jambo baba", "Jambo sana mama", mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Swali la historia lije baadaye.

Pwani inafaa walio na watoto. Kodi mtumbwi wenye mpiga kasia mwenyeji, vaeni jile zenu, zungukeni ghuba moja kwa saa moja.

Tutakula nini?

Bugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo), maharage, ndizi, lengalenga (mchicha), na samaki. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanakaangwa wazima hadi wakauke, wanaliwa na kichwa, kwa limao na pilipili. Hawakuwa wa ziwa hili: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Kivu haiwezekani kuifikiria bila wao. Wanavuliwa usiku kwa taa, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawaifuati taa, kwa hiyo karibu na mwezi mpevu sambaza wanaadimika na bei inapanda. Kama mnataka wengi, tazameni kalenda ya mwezi.

Wakati wa mlo wa wenyeji, kula kidogo cha kila kitu. Mkiwa kundi, pelekeni mchele kilo 5, mafuta, chumvi, sukari na sabuni mikononi mwa mama mwenye nyumba siku ya Jumamosi, si baada ya kula.

Maji ya ziwa yanafaa kunywa au kuogelea?

Kunywa, hapana. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye pwani za Kivu. Chemsha, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa.

Kuogelea, ndiyo, kwa uangalifu. Ziwa Kivu halina mamba. Lakini pwani inazama ghafla: hatua tatu uko kiunoni, ya nne huoni sakafu. Ziwa lote linafika karibu mita 480 kwa kina. Ogelea mahali wenyeji wanapoogelea, mbali na matete na maji yaliyotuama kwa sababu ya kichocho, na jifute vizuri. Watu wanauliza juu ya gesi. Methani na kaboni dioksidi nyingi zimeyeyuka kwenye maji ya chini kabisa. Haziko pale unapoogelea. Mazuku, ile gesi nzito inayoua kwenye mabonde, ni tatizo la pwani ya kaskazini, kuelekea Goma na ghuba ya Kabuno.

Tunaweza kupiga picha?

Watu, baada ya kuomba. Ndani ya kanisa, wakati wa nyimbo kama kiongozi amekubali. Kamwe wakati wa mageuzo, maombi ya toba au kuombea wagonjwa. Bandari, askari, vizuizi na minara ya simu, usithubutu. Droni iacheni nyumbani.

Tunaweza kutembelea vijiji vya Wambuti, wenyeji wa asili wa kisiwa?

Mnaweza kama mmealikwa, na mnaweza kusali nao Jumapili kama mnavyosali na wengine. Kwenda kuwatazama na kuwapiga picha ni aibu, na hatutamwelekeza mtu kufanya hivyo. Wambuti wa Idjwi wamenyimwa ardhi kwa muda mrefu, na wengi wanaishi kwa vibarua na ufinyanzi. Vyungu vyao ni imara na vinapika maharage vizuri. Nunueni kwa bei wanayotaja, msishushe. Chungu kisafirishwe kikiwa kimejazwa majani makavu ya mgomba ndani na kuzungushiwa nje.

Tulale wapi?

Nyumba za wageni zipo, chache na za kawaida. Parokia na makanisa mara nyingi hupokea makundi kwa mpango wa mapema. Beba neti ya mbu, tochi, chaja ya sola au betri ya akiba, shuka, sabuni na karatasi ya chooni. Mtandao wa simu unapotea nyuma ya milima.

Mtu akiugua?

Homa kisiwani ichukuliwe kuwa malaria hadi kipimo kikatae. Vituo vya afya vipo, na kesi nzito za kusini hupelekwa Monvu. Mtu akiharisha, anza maji ya chumvi na sukari mara moja: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Akiharisha maji mengi kama ya mchele, usingoje asubuhi, mpelekeni kituoni. Wenye presha na kisukari wabebe dawa za siku 5, si 3, kwa sababu boti inaweza kughairi.

Jumatatu tununue nini cha kurudi nacho?

Mananasi kwanza. Chagua yenye harufu chini, kwenye kitako, na rangi ya njano iliyofika katikati tu. Yaliyoiva hadi juu yataminyika njiani. Yabaki na majani yake na yalazwe ubavu. Kahawa iliyokaangwa ukiipata, ifunge mbali na samaki. Sambaza wabichi hawastahimili jua: wanunue alfajiri mitumbwi inaporudi, wakaangwe au wapakwe chumvi kabla ya kupanda chombo.

Jumapili jioni weka nafasi yako ya kurudi Jumatatu kwa kutaja jina na idadi ya watu kwa mwenye chombo, ufike kivukoni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mlioketi wa kwanza ndio mnaochagua jile.